Uhuru wetu unaishia Ijumaa jioni

Kwa Mheshimiwa Rais, Mheshimiwa Jaji Mkuu, Inspekta Jenerali wa Polisi, Gavana wa Nairobi, na wabunge wa kaunti hii

Waheshimiwa,

Salamu kutoka Kayole. Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, napunguza suruali, nabadilisha zipu, na mlango wa kibanda changu unatazama barabara, kwa hiyo yanayopita nayaona. Kila mwaka mnatukusanya kwa sikukuu zetu: Madaraka tarehe 1 Juni, Mashujaa tarehe 20 Oktoba, Jamhuri tarehe 12 Desemba. Tunakaa juani, gwaride linapita, mnatuhutubia habari za uhuru uliopatikana kwa damu. Hotuba hizo sina ugomvi nazo. Ila siku mkiwauliza wateja wangu uhuru ni kitu gani, sidhani kama mtasikia habari za bendera. Mtaambiwa kwamba uhuru ni mtoto kutoka kazini jioni akafika nyumbani.

Nawaandikia kuhusu Ijumaa jioni.

Mnaoishi Karen, Runda na Lavington huenda hamjui Ijumaa yetu ilivyo. Vijana wa mjengo hulipwa mwisho wa wiki. Wengine wanarudi kwa miguu tangu Industrial Area ili nauli igeuke unga. Mama mboga ndio kwanza amewasha taa yake, maana sukuma hununuliwa na watu waliotoka kazini. Saa hiyo hiyo gari la polisi linaegeshwa kwenye kona. Hakuna aliyepiga kamsa, hakuna aliyeibiwa, hakuna anayetafutwa kwa jina. Anayepita anaitwa, anapekuliwa, anapandishwa garini. Kosa litatafutwa mbele ya safari, na likikosekana yako yale yasiyokosekana kamwe: ulevi na fujo, kuzurura, kuuza bila leseni, kukosa kitambulisho.

Kwa nini Ijumaa? Tuifungue Katiba, maana sisi wa mitaa hii tunaisoma kuliko mnavyodhani. Kifungu cha 49 kinasema mtu aliyekamatwa afikishwe mahakamani mapema iwezekanavyo, na isizidi saa 24. Halafu kinaongeza kwamba saa hizo zikimalizika wakati mahakama imefungwa, au siku ambayo si ya mahakama, muda unasogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Walioandika walimfikiria hakimu aliye likizo yake ya Jumapili, na wala si vibaya. Hawakumfikiria afisa anayetazama kalenda. Kijana aliyebebwa Ijumaa saa moja jioni analala seli Ijumaa, analala Jumamosi, analala Jumapili, na karatasi zote zinasoma sawa. Kinachouzwa pale kwenye kona ni wikendi ya mtu.

Na bei yake inajulikana mtaani. Ukiwa bado barabarani ni nafuu. Gari likishaingia langoni inapanda. Jina lako likishaandikwa kwenye OB, kitabu cha matukio cha kituo, hapo unazungumza bei ya wakubwa. Ukutani pameandikwa kwamba bondi ya polisi, yaani kuachiliwa kwa ahadi ya kufika mahakamani, ni bure, na chini ya maandishi hayo hayo mama anaambiwa aende kwa wakala wa jirani atoe pesa, arudi nazo mkononi. Akiuliza risiti, wanacheka. Dhamana ya pesa taslimu iliyo halali ina risiti na hurudishwa kesi ikiisha. Hii ya Ijumaa haina karatasi na haijawahi kumrudia mtu.

Nilisimama mbele ya kaunta moja ya namna hiyo pamoja na jirani yangu, mwanawe akiwa ndani. Kijana anabeba mawe ya ujenzi, hajawahi hata kugombana na kondakta. Kituo sikitaji, kingeweza kuwa chochote. Afisa wa zamu hakuwa mkali, na hilo ndilo lililonikera zaidi. Alisema kwa upole kabisa, kama anayemshauri dada yake: "Mama, hii kesi ni ya Jumatatu. Lakini kama mnataka tuongee, tuongee." Jirani yangu hakuwa na cha kuongea. Tulirudi Jumamosi na chai kwenye chupa, tukaambiwa chai haiingii. Jumapili tukarudi baada ya kanisa. Jumatatu kijana akapandishwa kizimbani na wenzake, kila mmoja na kosa lile lile lililoandikwa kwa mwandiko ule ule, ungedhani walilewa kutoka chupa moja. Alikana? Hakukana. Wakubwa wake wa seli walikuwa wamemfundisha: kubali yaishe. Ukikubali unalipa faini ndogo unaenda zako. Ukikana unapewa tarehe, na tarehe ni nauli, ni siku ya kazi, ni dhamana ambayo huna. Akakubali kulewa, yeye ambaye pombe haijui. Aliporudi kwenye mjengo Jumanne, nafasi yake ilikuwa na mtu mwingine.

Nataka mlione hilo la kukubali. Tuna mahakama zinazorekodi watu wakikiri makosa wasiyoyatenda, kwa hiari yao, kwa sababu kusema kweli kuna gharama kubwa kuliko kusema uongo. Kisha vijana hao hao mnawataka wakaombe cheti cha tabia njema kwa shilingi 1,050 ili waajiriwe kuwa walinzi. Wengi hawaombi kabisa, wakihofia faini ile ya Jumatatu iko mahali fulani inawasubiri.

Mtaniambia sheria iliruhusu. Haikuruhusu. Kifungu hicho hicho cha 49 kinampa aliyekamatwa haki ya kuachiliwa kwa dhamana yenye masharti ya haki akisubiri kushtakiwa au kesi, isipokuwa kuna sababu nzito. Someni tena: akisubiri kushtakiwa. Haki hiyo haisubiri hakimu aamke. Kinaendelea kusema kwamba mtu asiwekwe rumande kwa kosa ambalo adhabu yake ni faini pekee au kifungo kisichozidi miezi sita. Mawakili wanaweza kubishana kama neno hilo linaanza kituoni au linaanza mahakamani, na nawaachia ubishi wao. Mimi naona aibu tupu kwamba hakimu amekatazwa kumweka mtu rumande kwa ulevi, na polisi akaweza kumweka wikendi nzima kwa ulevi huo huo. Ule muda wa wikendi ni ukomo wa juu. Haukuwahi kuwa amri.

Hata nyinyi mnajua uchungu wake. Kuanzia 2018, vigogo walipoanza kukamatwa kwa tuhuma za ufisadi siku za Ijumaa, jambo hilo likapewa jina, Kamata Kamata Friday, na mawakili wakajaa kwenye televisheni wakieleza kwamba kumkamata mtu Ijumaa ili alale ndani hadi Jumatatu ni adhabu kabla ya hukumu. Walisema kweli. Niliwasikiliza nikiwa nimeshika sindano, nikawaunga mkono, ingawa waliokuwa wakitetewa hawajawahi kuuliza sukuma ni bei gani. Katika kampeni za 2022 ikawa ahadi ya jukwaani kwamba mambo hayo yatakoma. Basi nauliza kwa heshima: yalikoma kwa nani?

Mambo haya hayakuanzia kwenu. Baada ya Vita Vikuu vya Kwanza, serikali ya kikoloni ilimvika kila mwanamume Mwafrika kipande, karatasi za alama za vidole na majina ya waajiri ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Bila hicho, Nairobi haikuwa yako. Harry Thuku aliwapinga kuhusu kipande na kodi, wakamkamata Machi 1922. Tarehe 16 mwezi huo watu walifurika nje ya kituo cha polisi wakitaka aachiliwe, na Mary Muthoni Nyanjiru akaipandisha nguo yake hadi mabegani mbele ya wanaume waliotaka kutawanyika, akawaambia wampe yeye suruali zao. Risasi zikamiminwa. Serikali ilikiri vifo 21; watu wakasema walikuwa wengi zaidi. Nyanjiru alikuwa miongoni mwao. Leo pale pana barabara yenye jina la Thuku, karibu na Chuo Kikuu cha Nairobi, na magari yenu hupita hapo.

Ruka miaka 70. Tarehe 28 Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa walikwenda Uhuru Park, Wangari Maathai akiwa nao, wakasema hawali mpaka wana wao waachiliwe. Siku chache baadaye polisi wakawavamia kwa rungu na gesi, na wazee wa kike wakavua nguo, kama Nyanjiru alivyojifunua. Wakahamia Kanisa la All Saints, wakakaa huko hadi wana wao wakaanza kutoka.

Hotuba za Jamhuri hutaja waliopigana msituni na waliojadiliana uhuru kule Lancaster House, London. Ni haki yao. Lakini mimi nikiitazama historia ya jiji hili naona wanawake wamesimama nje ya mlango wa polisi wakingoja mtu wao atoke. Mwaka wa 1922 walingoja, mwaka wa 1954 walingoja, Nairobi ilipozingirwa na wakoloni katika Operesheni Anvil na maelfu kwa maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakasombwa kwenda kambini. Wateja wangu wa Eastleigh wanakumbuka Aprili 2014, msako wa polisi ulioitwa Usalama Watch, watu wakibebwa majumbani na kuzuiliwa uwanja wa Kasarani hadi wathibitishe wao ni nani. Waliosubiri nje ya lile lango la Kasarani wengi walikuwa mama na dada. Jirani yangu, Jumamosi ile, na chupa yake ya chai, alikuwa katika foleni ndefu kuliko alivyojua.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Sisemi polisi waondoke. Kayole ina wezi. Simu hunyakuliwa na watu wa pikipiki mchana kweupe, na ukitoka alfajiri kuwahi basi unatembea ukigeuka nyuma. Tunawataka polisi, tunawataka usiku, na tunawataka wakitembea kwa miguu. Najua pia afisa yule mpole analala wapi, maana sare yake nimeishona magoti mara nyingi. Jopo lililoongozwa na Jaji Mkuu mstaafu David Maraga lilikabidhi ripoti mwaka wa 2023 ikieleza mishahara duni na nyumba mbovu za polisi. Walipeni. Niwekeni mimi mbele kwenye orodha ya wanaotaka walipwe. Lakini msiwaache wajilipe kwa wikendi za watoto wetu. Na jambo moja dogo kwa Gavana: kanjo, askari wa kaunti, wanaobeba mboga na kuzitupa kwenye lori bila kuandika popote ni tatizo la karatasi tu. Mwenye kosa la leseni ashtakiwe, na mali yake iandikwe, apewe nakala. Mama akija kuikomboa aikute.

Sasa nifike pale ambapo wengi wenu mnadhani suala la uhuru linaanzia, yaani Juni 2024. Vijana waliingia mjini kuupinga Mswada wa Fedha, wakiwa na simu, chupa za maji na kifungu cha 37 kinachowapa haki ya kukusanyika na kuandamana kwa amani bila silaha. Tarehe 25 watu waliingia Bunge, watu wakauawa, na kesho yake Rais akatangaza kwamba hatautia sahihi mswada huo. Kilichofuata kiliwashtua watu wa mitaa yenye lami: vijana wakaanza kutoweka, wakichukuliwa na magari yasiyo na nambari za kweli, na watu waliofunika nyuso, wasiosema ni akina nani wala kosa ni lipi. Hadi mwisho wa 2024, Tume ya Kitaifa ya Haki za Binadamu ilikuwa imehesabu visa 82 tangu Juni. Familia zenye mawakili zilikuwa zinazunguka kituo hadi kituo zikiuliza, na kila kaunta ikijibu kwamba haina habari naye.

Nilisikia watu wazima, wenye digrii, wakiuliza kwa mshangao: Kenya hii imetoka wapi? Imetoka kwetu. Mkono unaomshika mtu bila kumwambia kosa lake haukuzaliwa Juni 2024. Ulijifunzia kwa muuza mitumba wa soko la Gikomba na kwa mbeba mizigo wa soko la Wakulima, Ijumaa baada ya Ijumaa, mbele ya watu waliopita wakitazama kando. Ulipata mazoezi ya kutosha kujua kwamba ukimchukua mtu bila jina la kosa, hakuna kitakachotokea. Mlitegemea ubaki huku Eastlands, mitaa yetu ya mashariki mwa jiji? Usiku wa 30 Machi 2020, siku chache tu baada ya kafyu ya korona kutangazwa, mtoto wa miaka 13 aliuawa kwa risasi ya polisi mtaani Kiamaiko akiwa kwenye roshani ya kwao, na kafyu hiyo ikaendelea hadi Oktoba 2021. Sisi tulishaonyeshwa mapema.

Ndiyo maana siwaombi sheria mpya. Nchi hii ina sheria nzuri kuliko suti nilizowahi kushona. Katiba yenyewe ilizinduliwa Uhuru Park tarehe 27 Agosti 2010, na kama mmesahau ilikuwa Ijumaa. Mahakama ya Afrika kule Arusha ilitoa maoni mwezi wa Desemba 2020 kwamba sheria za kuwaadhibu watu kwa uzururaji haziendani na Mkataba wa Afrika wa haki za binadamu na watu. Tunazo zote, tunazihifadhi.

Mheshimiwa Jaji Mkuu, wakati wa korona mahakama zilisikiliza kesi kwa video. Hakimu mmoja wa zamu Jumamosi, mwingine Jumapili, wakiwa na skrini na orodha ya dhamana za makosa madogo kwa vituo vya Nairobi yote, wangeimaliza biashara ya pale kwenye kona kuliko semina kumi. Hapana haja ya jengo wala mkandarasi. Bwana Inspekta Jenerali, gari zenu zimeandikwa Utumishi kwa Wote. Toa agizo lisomeke hata na mtoto wa darasa la sita: kosa lisilozidi miezi sita, mtu anaandikisha jina, anapewa bondi, analala kwao. Atakayemzuia aandike sababu yake nzito kwenye OB na kutia sahihi kwa jina na nambari ya huduma. Afisa akilazimika kuandika sababu, nusu ya seli zitakuwa tupu Ijumaa saa tatu usiku. Nyinyi wabunge, futeni yale makosa ya kubahatisha yaliyobaki kwenye vitabu tangu ukoloni, na mkikawia, kifungu cha 119 kinaniruhusu kuwaletea ombi rasmi. Mwandiko wangu ni mzuri. Na majirani wa kutia sahihi ninao.

Mheshimiwa Rais, kwako nina ombi moja. Agiza kwamba kila Jumatatu kabla ya saa tatu asubuhi, kila kituo cha polisi cha Nairobi kibandike ukutani karatasi moja: watu wangapi walilala seli tangu Ijumaa, kwa makosa gani, wangapi walipewa bondi, na walionyimwa walinyimwa kwa nini. Majina yao hatuyataki. Idadi inatosha. Karatasi ya kwanza ibandikwe Jumatatu ijayo. Mimi hufungua kibanda saa mbili, nitapita kuisoma kabla ya hapo, na jirani yangu amesema tutakwenda pamoja.

Wenu,
Fundi cherehani,
Kayole, Nairobi